Amana ya jirani: nyoka alazwe juu ya nini?



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, tumezoea kupokea maswali ya ndoa, ya malezi, ya karo za watoto na ya mirathi iliyokaa miaka bila kugawanywa. Majuma machache yaliyopita lilitufikia swali ambalo, tukiri, lilitufanya tuiweke barua mezani na kutazamana kwanza kabla ya kuendelea kuisoma.

Barua hiyo imetoka kwa dada yetu mmoja, mzaliwa wa mwambao huu, ambaye kwa sasa anaishi Uingereza pamoja na mumewe na watoto wao. Jirani yao wa mlango wa pili ni mzee anayeishi peke yake. Si Mwislamu, lakini ni jirani mwema: ndiye aliyewasaidia kuingiza mizigo siku walipohamia mtaani, na kila Ramadhani hupelekewa sahani ya futari, naye hairudishi sahani hiyo ikiwa tupu. Mzee huyo aliugua ghafla akalazwa hospitalini. Kutoka kitandani aliomba jambo moja tu: kijana wa dada yetu, mwenye umri wa miaka 13, amtunzie nyoka wake mpaka atakaporudi.

Naam, nyoka. Na wahenga wametuambia kuwa mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Dada yetu hajapata kutafunwa, ila amekulia katika nyumba ambazo nyoka akionekana huitiwa wanaume na fimbo. Hata hivyo ombi la mgonjwa ni zito, na haki ya jirani ni nzito zaidi. Kizimba cha kioo kikahamishwa, kikawekwa katika chumba cha stoo, na kijana akakabidhiwa kazi.

Katika kukihamisha, tandiko la zamani lililokuwa chini ya kizimba lilionekana kuwa limechafuka, wakalitupa. Kijana akaenda dukani kununua jingine, akakuta aina zaidi ya kumi zimepangwa: maranda ya miti mbalimbali, magome, mchanga wa rangi, mazulia ya plastiki na matofali ya makumbi ya nazi yaliyosagwa. Mama, alipoona makumbi, moyo ulimrudi kwao. Yakanunuliwa makumbi. Na kwa kuwa walisikia nyoka yule asili yake ni Afrika, kijana alidhani Afrika yote ni msitu wa mvua, akawa kila asubuhi anayanyunyizia maji mpaka yanashikana mkononi. Baada ya wiki tatu aliona madoa mekundu kwenye magamba ya tumbo la nyoka, na baadhi ya magamba yameanza kulainika na kubadilika rangi.

Dada yetu anauliza mambo matatu. Wamekosea wapi? Je, wanabeba dhima ya amana iliyoharibika mikononi mwao? Na je, wamweleze mgonjwa, au wamfiche ili wasimzidishie maradhi?

Mlango tusioufungua

Wako watakaouliza: je, inafaa Mwislamu kufuga nyoka kwa starehe? Hilo lina maelezo yake katika vitabu vya fiqhi, na lina wenyewe. Anayetaka kumnunua nyoka amfuge amwendee sheikh wake kwanza, si baada ya kumleta nyumbani. Dada yetu hakununua nyoka. Amepokea amana ya jirani mgonjwa, na kiumbe kimeshaingia ndani ya nyumba yake. Maadamu kimeingia, kina haki juu yake.

Tungependa wasomaji wetu wakikumbuke kisa mashuhuri cha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Sote tunakijua tangu madrasa, na aghalabu tunapokisimulia huishia pale pa kumfungia na kumnyima chakula. Lakini katika kisa kile mna jambo jingine: kwamba hakumwachia paka atoke akajitafutie katika vijidudu vya ardhi. Hapa ndipo penye fundisho. Mnyama aliye huru analishwa, anafichwa na anapashwa joto na ardhi aliyoumbiwa. Wewe ukimtenga na ardhi hiyo kwa kioo, kwa waya au kwa kamba, deni lote ambalo ardhi ilikuwa ikimlipa linahamia kwako. Chakula ni sehemu moja tu ya deni hilo. Sehemu nyingine, inayosahaulika, ni ardhi yenyewe.

Ndiyo maana swali la kijana huyu, atandike nini chini ya kizimba, si swali la kitoto. Tandiko ndilo nchi pekee aliyobaki nayo mnyama yule.

Nyoka huyu ni wa wapi?

Makosa mengi ya tandiko huanzia dukani, kwa kuwa mnunuzi hutazama rangi ya bidhaa badala ya kuuliza asili ya mnyama. Dada yetu alituma picha. Tulizipeleka kwa daktari wa wanyama mmoja katika jamaa ya msikiti wetu, naye akamtambua mara moja. Ni nyoka mfupi, mnene, mwenye mkia butu, mgongo wa rangi ya chungwa wenye mabaka ya kahawia iliyokoza na tumbo jeupe. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita boa wa mchanga wa Kenya. Hana sumu. Jike kubwa hufikia kiasi cha sentimita 80, na dume aghalabu hapiti nusu mita. Hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai.

Kwa hiyo mgeni aliyewekwa stoo kule Uingereza ni jamaa yetu wa karibu kuliko tulivyodhani. Makazi yake yanaanzia Misri na Sudan, yanapita Ethiopia na Somalia, yanaingia Kenya na kufika kaskazini mwa Tanzania. Lakini si nyoka wa msituni wala wa minazini. Ni nyoka wa nchi kavu, ya mchanga na udongo tifutifu, yenye vichaka vya miba na mvua ya kuhesabu. Maisha yake ni ya kujifukia. Hutoboa mchanga akazama mwili mzima, akabakisha macho na pua tu juu, naye hungoja hivyo hivyo, kimya, mpaka panya au mjusi apite karibu.

Ukishaujua ukweli huu mmoja, mengine yanajieleza yenyewe. Nyoka wa namna hii anadai mambo matatu kutoka kwenye tandiko lake: liwe kavu, liwe la kina cha kutosha kujifukia, na lisiwe na kitu cha kumdhuru anapolivuta puani au kulimeza pamoja na windo.

Kijana wetu alimpa la pili. Lile la kwanza alimnyima bila kujua. Nyoka anayejifukia katika unyevu hana pa kuukimbilia, kwa sababu mwili wake wote umegusana na tandiko usiku na mchana. Ngozi ya tumbo hulainika, vijidudu hupenya kati ya magamba, madoa mekundu yakatokea, na yakiachwa hugeuka malengelenge na vidonda. Wafugaji wanayajua sana maradhi haya, na chanzo chake kikubwa ni tandiko lenye maji au lenye uchafu.

Tupime moja baada ya jingine

Tuanze na makumbi ya nazi, tusije tukayasingizia. Bibi zetu waliyafukia kwenye tope la pwani kwa miezi, wakayafukua yakiwa na harufu isiyosahaulika, wakayaponda kwa magongo mpaka ukatoka usumba wa kusokotea kamba. Leo makumbi hayo, mengi yakitoka India na Sri Lanka, husagwa, hukaushwa na kushindiliwa kama tofali. Ukiloweka tofali moja katika maji ya vuguvugu, linavimba na kujaza ndoo. Sifa yake kubwa ni kushika unyevu kwa muda mrefu bila kuoza upesi. Kwa nyoka wa nchi zenye unyevu ni tandiko zuri. Yuko, kwa mfano, chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejiviringisha kama mpira anapoogopa, ambaye hewa ikiwa kavu mno hushindwa kujivua gamba likatoka zima. Huyo makumbi yanamfaa. Kwa nyoka wa mchangani, sifa hiyohiyo ya kushika maji ndiyo inayogeuka kuwa ila. Na ukiyakausha kabisa ili yamfae, hutoa vumbi jingi. Kwa hiyo kosa halikuwa la nazi. Kosa ni kumpa mtu wa jangwa kitanda cha mtu wa bondeni.

Maranda ya mbao nayo si kitu kimoja. Yapo ya mwerezi, ambayo hunukia vizuri, na harufu hiyo ndiyo inayotuvutia sisi wanunuzi. Harufu ile ni mafuta ya mti. Mti umejiwekea mafuta hayo kujikinga na wadudu, na mnyama aliyefungiwa juu yake katika kizimba chenye joto huyavuta saa zote. Humdhuru njia ya hewa na ini. Mwerezi usitumike kabisa. Msonobari nao una mafuta ya namna hiyo, na mwenye hadhari huuepuka. Maranda yanayosifiwa na wafugaji ni ya mti wa nchi za baridi uitwao aspeni, ambao hauna mafuta makali. Ni makavu, mepesi, na yakiwekwa kwa kina hushikana kiasi cha nyoka kuweza kutoboa vichuguu visivyobomoka. Yanamfaa nyoka wetu, na yanamfaa pia yule nyoka wa mahindi wa Marekani anayefugwa sana na vijana. Adui yake ni maji: yakilowa huota ukungu upesi, na sehemu iliyolowa iondolewe siku hiyohiyo. Ama unga wa mbao, ule mwembamba wa chini ya msumeno, usitumike hata ukiwa wa mti mzuri, kwani vumbi lake huingia mapafuni.

Mchanga ndio jibu ambalo kila mtu angelitoa kwa nyoka wa mchangani, na lina ukweli ndani yake ila linahitaji uangalifu. Nchi anakotoka nyoka huyu si mchanga mtupu kama wa ufukweni. Ni mchanga uliochanganyika na udongo, ukashindiliwa na jua. Mchanga mtupu ulio mwembamba hushikamana na windo lililolowa, humezwa, na ukizidi tumboni huweza kuziba utumbo. Anayetaka kutumia mchanga auchanganye na udongo wa kawaida usio na mbolea wala dawa, udongo ukiwa mwingi kuliko mchanga, na mchanga wenyewe uwe umeoshwa. Mchanga wa pwani una chumvi, usichotwe. Na wako wauzaji wanaouza mchanga wa chokaa wa rangi za kupendeza, wakidai kwamba mnyama akiumeza utayeyuka. Tumeonywa vikali juu ya huo: ukilowa hugandana, na hugandana hata tumboni. Kokoto nazo hazichimbiki, na uchafu hushuka kati yake ukabaki pasipoonekana.

Mazulia ya plastiki yanapendeza jicho la mwenye nyumba. Kwa nyoka anayejifukia hayana faida, maana hawezi kuyapenya, na nyuzi zake hushika uchafu usioonekana. Nyoka wa namna hii aliyenyimwa pa kuzama huhangaika, huzungukazunguka kwenye kioo, na mara nyingi hukataa chakula.

Mwisho ni karatasi: gazeti kuukuu au karatasi za kufutia za jikoni. Ni rahisi, ni safi, hubadilishwa kila siku, na juu yake kila doa la damu au kinyesi kibaya huonekana mara moja. Hii si nyumba ya kudumu ya nyoka wa mchangani, lakini ndiyo hospitali yake. Nyoka mgeni ambaye afya yake haijajulikana, na nyoka mwenye vidonda, huanzia hapo.

Joto linapita wapi?

Kuna jambo lililofungamana na tandiko ambalo daktari wetu alilisisitiza mara mbili. Nyoka hazalishi joto la mwili kama sisi. Hulitafuta. Upande mmoja wa kizimba unapaswa kuwa na nyuzi joto kiasi cha 32 hadi 35 za Sentigredi, na upande wa pili kiasi cha 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Wengi hupasha joto kwa mkeka wa umeme uliowekwa chini ya kioo. Hapo ndipo kina cha tandiko kinapoleta hatari. Tandiko la sentimita 8 au 10 huzuia joto lisipande, kwa hiyo mwenye nyoka akigusa juu huona baridi, akaongeza moto. Kumbe kioo cha chini kinachoma, na nyoka huyu tabia yake ni kuchimba mpaka afike chini. Ataungua tumbo, na kuungua huko hufanana sana na yale madoa ya unyevu. Kwa hiyo mkeka wa namna hiyo lazima uwe na themostati, na kipimo chake kiwekwe pale ambapo tumbo la nyoka linafika, si juu ya tandiko. Wenye tandiko la kina wengi huona ni salama zaidi joto litoke juu, kwenye taa iliyozuiwa kwa waya, kama jua linavyofanya.

Tumjibu dada yetu

Swali la kwanza limeshajibiwa. Tandiko lote la makumbi liondolewe leo, kizimba kioshwe, kikaushwe kabisa, nyoka alazwe juu ya karatasi za jikoni katika tabaka kadhaa ili apate pa kujificha, na zibadilishwe kila zinapochafuka. Bakuli la maji liwe dogo, zito, lisilopinduka, na likae upande wa baridi. Usimpake nyoka marhamu ya watu wala mafuta ya habasoda. Apelekwe kwa daktari anayejua wanyama watambaao, kwa kuwa vidonda vilivyoingia ndani huhitaji dawa ambayo daktari peke yake ndiye anayeijua kipimo chake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Akishapona, apewe maranda ya aspeni yenye kina, au mchanganyiko mkavu wa udongo na mchanga.

Swali la pili ni la dhima. Mwenye kupokea amana hadaiwi fidia ya kilichoharibika ikiwa hakuzembea wala hakuvuka mpaka. Kijana wako hakuzembea. Aliamka kila asubuhi kabla ya shule. Lakini tusikomee hapo, tukajipumzisha. Nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza. Alikuwepo wa kuulizwa, naye ni mwenye nyoka mwenyewe, aliye hai na mwenye akili zake, amelala hospitalini umbali wa vituo vichache vya basi. Mlimwonea haya kumsumbua. Haya yetu mara nyingi hugeuka kuwa uvivu uliovaa nguo nzuri, na sisi wa kamati tunalisema hili tukijiangalia wenyewe kwanza.

Hivyo swali la tatu nalo limejibika. Mwambieni. Mkimficha, mtakuwa mmemtunzia raha ya siku chache kwa kumnyima haki ya kujua hali ya mali yake, na mnyama atakaa na vidonda mkisubiri. Aende kijana mwenyewe, akae kando ya kitanda, amweleze kwa adabu alichokifanya na alichokiona. Funzo hilo kwa mtoto wa miaka 13 lina thamani kuliko nyoka na kizimba chake.

Usafi wa nyumba

Kina mama watakaosoma hapa watauliza juu ya najisi na maradhi, na wana haki. Wanyama watambaao, hata wakiwa na afya njema, huweza kubeba bakteria wa salmonela katika kinyesi chao, nao hubaki kwenye tandiko na kwenye ngozi. Watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye maradhi yanayodhoofisha mwili wasimshike nyoka wala tandiko lake. Atakayemshika anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ana udhu na anadhani inatosha. Vyombo vya nyoka visioshwe kwenye sinki la jikoni. Kinyesi, pamoja na ile sehemu nyeupe kama chokaa ambayo ndiyo mkojo wake, kiondolewe kinapoonekana, pamoja na tandiko lililokizunguka. Kila mwezi au miezi miwili tandiko lote libadilishwe, kizimba kisuguliwe kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji mengi, kisuuzwe mpaka harufu iishe, kikauke ndipo mnyama arudi. Panya wa chakula, ambao huuzwa wakiwa wamegandishwa, awekwe juu ya kigae bapa baada ya kuyeyuka, ili nyoka asimeze tandiko pamoja naye.

Na kwa vijana wetu wa huku nyumbani, neno moja. Kwetu Tanzania na Kenya nyoka wa porini ni mnyamapori, na sheria haziruhusu mtu kumchukua na kumfuga bila kibali. Asitokee kijana akasoma makala haya akaingia vichakani na mfuko.

Na sisi je?

Pengine msomaji wa Tanga au wa Kariakoo anasema: haya ni ya Uingereza, yananihusu nini? Tungependa tumalizie kwa kujishtaki.

Miaka michache iliyopita tulinunua vifaranga kwa ajili ya kuongeza pato la nyumbani. Tuliwatandikia magazeti, na hatufichi kuwa mengine yalikuwa ya gazeti hili. Karatasi zile zilikuwa laini, vifaranga wakawa wanateleza kila wanapojaribu kusimama, na baada ya siku chache kadhaa wao miguu ikatanuka pembeni wasiweze tena kuikusanya. Tulidhani ni maradhi yaliyotoka kwa muuzaji. Mzee mmoja jirani alichungulia mara moja akauliza: mbona mmewaweka juu ya barafu? Tukaweka pumba za mpunga, na waliobaki wakasimama. Wale wa mwanzo hawakusimama tena.

Kanuni ni ileile. Sungura anayekaa juu ya waya mtupu hupata vidonda vya nyayo. Kuku aliye juu ya maranda yaliyolowa chini ya bakuli la maji huvuta hewa kali ya mkojo na kuumwa macho. Na kila tunapokaribia Idd el-Adh'ha, tunawaona mbuzi waliofungwa siku tatu, nne, juu ya sementi yenye majimaji nyuma ya nyumba, nasi tunapita tukiwa na furaha ya sikukuu. Mnyama tunayekusudia kujikurubisha kwa Mola wetu kupitia kwake hatumpi hata gunia la majani makavu alalie. Tuwatandikie. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kamba tuliyomfungia.

Kabla ya makala haya kupelekwa kiwandani tulipokea barua ya pili. Kijana alikwenda hospitalini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kosa nusu ni lake, kwani alikabidhi mnyama bila kuacha maelezo. Akatoa jina la daktari aliyezoea kumtibu nyoka yule. Madoa yamekauka. Nyoka amejivua gamba moja tangu hapo, na gamba jipya la tumbo ni safi. Mzee mwenyewe amerudi nyumbani, akitembelea mkongojo, na siku aliyokuja kuichukua amana yake aliinama juu ya kizimba akitafuta na asione kitu ila maranda. Kijana akamwonyesha kwa kidole mahali palipochomoza macho mawili na pua.

Dada yetu anasema yeye bado hajaingia katika chumba kile. Lakini sahani imerudi, na haikuwa tupu.

Wabillahi tawfiq.